Nyumba yako, ardhi ya nani?

MUULIZE SHANGAZI WA KOMPYUTA

Shikamoo Shangazi. Natengeneza mafuta ya nazi na sabuni za mwarobaini hapa Tanga, huu mwaka wa sita. Wateja wangu wako Dar, Mombasa, Nairobi, na wachache Maskati. Kila siku naulizwa yale yale kwenye WhatsApp: mbona mafuta yameganda, yaliyokamuliwa bila moto yana tofauti gani na ya kuchemsha, sabuni hii inamfaa mtoto mchanga? Nimechoka kujibu jambo moja mara hamsini. Nataka blogu ya biashara, niandike mara moja, mtu akiuliza nimtumie kiungo. Mpwa wangu anasoma kompyuta Dodoma, anasema ninunue hosti, yaani nafasi kwenye kompyuta ya kampuni, niweke WordPress yangu mwenyewe, ile programu ya kutengenezea tovuti, eti ndiyo ya kitaalamu. Mume wangu anasema nilipie hizi huduma zilizo tayari, nisijitie kwenye mambo ya mafundi. Nimetenga shilingi laki tatu kwa mwaka. Nimsikilize nani?
Mama Sabuni, Tanga

Marahaba mwanangu. Mwaka huu msikilize mumeo. Mpwa wako hajakosea, ila anajibu swali ambalo hukuuliza.

Wengi wakiulizwa jambo hili hutoa mfano wa kupanga na kujenga. Huduma iliyo tayari ni chumba cha kupanga, WordPress yako mwenyewe ni nyumba uliyojenga, basi jenga. Mimi nimezaliwa Majengo, Mombasa, na mfano huo haunikai. Kwetu kuna desturi ya miaka mingi, nyumba bila ardhi. Nyumba ni yako, umeisimamisha kwa boriti na udongo, unaweza kuiuza, unaweza kuwarithisha wanao, lakini ardhi iliyo chini yake ni ya mtu mwingine na kila mwezi unampelekea kodi ya kiwanja. Babangu alikuwa na nyumba ya vyumba sita na hakuwa na hata shubiri moja ya ardhi. Siku jirani yetu alipopewa notisi na mwenye kiwanja, mtaa mzima tulitoka kumsaidia kubeba. Mlango ulitoka, madirisha yakatoka, bati zikatoka. Kuta zilibaki.

Basi mpwa wako akikwambia "yako mwenyewe", muulize seva, ile kompyuta inayobeba tovuti, ni ya nani. WordPress ni programu huria, haina bei, Matt Mullenweg na Mike Little waliitoa mwaka 2003 na hakuna awezaye kukunyang'anya. Lakini itakaa kwenye kompyuta ya kampuni fulani, na kompyuta hiyo iko ndani ya jengo la mtu. Tarehe 10 Machi 2021 jengo moja la seva la kampuni ya OVH, huko Strasbourg, Ufaransa, liliungua usiku. Waliolia asubuhi si wale tu ambao hawakuwa na bekapu, yaani nakala ya akiba. Walikuwemo waliokuwa nayo, ila ilikaa pale pale penye moto. Tena Septemba 2024 Mullenweg alipogombana na WP Engine, kampuni inayopangisha seva za WordPress, tovuti za wateja wa kampuni hiyo zilifungiwa kupokea masasisho kutoka WordPress.org, ghala la programu hiyo. Hawa ni watu waliodhani wana vyao. Waliamka wakajikuta katikati ya ugomvi wa wenye ardhi, na ilifika Desemba ndipo mahakama ya Marekani ilipoamuru wafunguliwe.

Upande wa mumeo nao usiupambe. Typepad ilikuwa huduma ya blogu iliyo tayari, ya kulipia, tangu 2003. Kuna watu waliolipa humo miaka ishirini na zaidi. Agosti 2025 wakaambiwa kwamba ikifika 30 Septemba kila kitu kitazimwa. Miaka ishirini na miwili, mwezi mmoja wa kufungasha. Yahoo nayo iliizima GeoCities, huduma yake ya kurasa za watu, mwaka 2009 na kurasa za mamilioni ya watu zikaenda nayo.

Kwa hiyo huku kuna mwenye ardhi na kule kuna mwenye ardhi. Mimi siku hizi sikai tena kubishana ipi ni yangu. Nauliza tu: siku ya notisi, nini kinang'oka?

Domeini, yaani lile jina la anwani yako, hung'oka kirahisi ikiwa imeandikishwa kwa jina lako. Huo ndio mlango, na wateja wanaujua mlango, hawaijui seva. Maandishi hung'oka ikiwa huduma ina kitufe cha kutoa nakala ya vyote kwa pamoja. WordPress.com, ile huduma iliyo tayari yenye programu hiyo hiyo, wanacho; Blogger ya Google wanacho. Picha hung'oka kwa taabu, na hapa wengi huumia bila kujua: faili la kuhamia ambalo WordPress hukupa hubeba maneno yako yote, lakini picha hubeba anwani zake tu. Ukihamia kwingine wakati pale pa zamani pangali hai, picha zitafuatwa na kuletwa. Pakishazimwa, anwani hizo zinaelekeza hewani. Sura ya tovuti, rangi zake na mpangilio wake, hiyo haing'oki popote. Hiyo ndiyo ukuta, usiililie.

Wix, huduma nyingine iliyo tayari, nitaitaja kwa sababu najua utaiona kwenye matangazo. Ni rahisi, inapendeza, na nawajua akina mama kadhaa wa biashara walioanza humo na hawajutii. Ila tovuti ya Wix haibebeki ikapelekwa kwenye seva nyingine. Ukitaka kutoka unatoka na maneno yako mkononi, ukurasa mmoja mmoja, nakili na ubandike. Kwa kurasa tano si neno. Kwa makala mia mbili utamtafuta mpwa wako huku unalia.

Sasa mbona nakupeleka kwa mumeo, ikiwa pote kuna kodi? Kwa sababu ya ulinzi wa usiku. WordPress ya kwako inataka mtu. Programu yenyewe isasishwe, plagini, vile vijiprogramu vya kuiongezea uwezo, zisasishwe, themu inayoipa sura isasishwe, PHP, lugha ya kompyuta iliyo chini yake, ikizeeka ibadilishwe, na siku plagini mbili zikikosana ukurasa wako unageuka mweupe. Mweupe pe, hauna hata neno la kukuambia kosa liko wapi. Roboti za wezi zitabisha kwenye mlango wa kuingilia mchana na usiku zikijaribu jina "admin" na maneno ya siri maelfu. Hazikuchukii wewe, zinabisha kila nyumba. Hakuna gumu hapo. Ni dakika ishirini kila wiki, kazi ya aina ya kufagia, ambayo haina siku ya kwisha. Mpwa wako ataifanya vizuri sana hadi mitihani ifike. Baadaye atapata kazi, atapata mchumba. Nimerithi tovuti nyingi zilizojengwa na wapwa. Na wewe saa hizo uko kwenye kostiki soda na glavu zako, usiniambie utavua uende ukasasishe plagini.

Kwa hiyo fanya hivi. Domeini inunue wewe, kwanza kabla ya chochote, kwa jina lako na kwa namba yako ya simu. Usimwachie mpwa, usimwachie fundi, hata kama amesema "nitakufanyia yote kwa pamoja". Kama wanunuzi wako wengi ni wa nyumbani, .co.tz inakutosha, na wasajili wa Tanzania, yaani kampuni zinazouza domeini, hupokea shilingi kwa simu. Na anwani ya barua pepe utakayompa msajili isiwe ya domeini hiyo hiyo.

Somo hili la mwisho nimelilipia. Mwaka 2013 nilikuwa natunza tovuti ya nyumba moja ya wageni Lamu. Domeini ilikuwa ya .com, na kwa msajili niliandika anwani ya info@ ya domeini ile ile, nikaona ni umaridadi. Aliyekuwa akisoma barua za info@ aliacha kazi. Ilani za kulipia zilikuja, zikakaa. Muda ulipokwisha tovuti ikafa na barua pepe ikafa nayo, hivyo ilani za mwisho hazikuwa hata na pa kuangukia. Nilikuja kujua mwenye nyumba aliponipigia kuniuliza, kwa upole wa watu wa Lamu ambao unauma kuliko tusi, kwa nini tovuti yake sasa inatangaza bima ya magari. Jina lilikuwa limeshaingia kile kipindi ambacho bado unaweza kulikomboa, ila msajili anakutoza faini juu ya ada. Faini ilikuwa mara kadhaa ya ada yenyewe. Nilitoa mfukoni mwangu. Tangu hapo msajili ana Gmail yangu, na tarehe iko kwenye kalenda ya jikoni, ile ya duka la unga.

Ukishapata domeini, chukua WordPress.com, mpango wa kulipia ulio wa chini kabisa, uunganishe na domeini yako. Usikae kwenye ule wa bure, maana watakuwekea matangazo ya wengine juu ya sabuni zako na anwani yako itabeba jina lao. Nimechagua hii kwa sababu programu iliyo ndani yake ni ile ile ya mpwa wako. Siku biashara ikikua, ukataka duka zima la mtandaoni na mtu wa kulilinda, makala zako zitahama na mlango utahama, na hakuna mteja atakayejua kwamba umehama. Kama laki tatu ina kazi nyingine, basi Blogger. Google wanaimiliki tangu 2003, ni bure, na unaunganisha domeini yako bila kutozwa. Sura yake ina ukale kidogo, na kila kitu kinaning'inia kwenye akaunti moja ya Google, kwa hiyo washa uthibitisho wa hatua mbili na zile namba za dharura ziandike kwenye karatasi, uziweke pamoja na hati za nyumba.

Kuhusu fedha: domeini na mpango huo kwa pamoja havifiki laki tatu zako kwa bei ninazozijua. Huduma za nje hukata dola zenyewe kwenye kadi kila mwaka, na tovuti nyingi za huku kwetu hazifi kwa wezi wala kwa moto, hufa kwa kadi iliyokwisha muda. Zitakazobaki nunua flashi mbili. Kila Ijumaa ya kwanza ya mwezi bonyeza kitufe cha kutoa nakala, weka kwenye flashi, na picha zako asili weka humo humo. Flashi moja kwako, ya pili kwa mama mkwe.

Kitu kingine, cha sheria, sitakirefusha. Tanzania ilitoa kanuni za maudhui ya mtandaoni mwaka 2018 zilizowataka wenye blogu wawe na leseni, na zimebadilishwa zaidi ya mara moja tangu hapo. Waulize TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, kama blogu ya kuelezea bidhaa zako mwenyewe inahusika. Seva kuwa Ulaya au Dar hakubadilishi kwamba wewe uko Tanga. Na ukianza kukusanya namba za wateja, kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, inayotumika tangu Mei 2023.

Makala ya kwanza andika ile ya kuganda. Mafuta ya nazi huanza kuganda joto likishuka kwenye nyuzi 24 hivi, na wateja wako wa Nairobi mwezi wa saba wanadhani umewatilia mafuta ya ng'ombe.

Habari za kazi Shangazi. Mimi na wenzangu wawili tunapandisha wageni Kilimanjaro, njia ya Machame na ya Marangu. Tovuti na blogu yetu ni WordPress ya kwetu wenyewe, fundi alitutengenezea 2021. Wiki iliyopita mgeni wa Ujerumani ametuandikia kwamba akitafuta jina letu Google anaona maandishi ya Kijapani yanayouza viatu na mikoba. Sisi tukiifungua tunaiona kama kawaida. Fundi hapokei simu. Je, tuhamie kwenye huduma iliyo tayari?
Waongozaji watatu, Moshi

Poleni, baba zangu. Mgeni wenu haoti. Ugonjwa huu unajulikana duniani kote na hauhusiani na Wajapani waliokuja kupanda mlima. Mwizi ameingia kwenye tovuti yenu, ametengeneza mamia ya kurasa za Kijapani zinazouza bidhaa za bandia, na anazionyesha kwa roboti ya Google peke yake. Mwenye nyumba akija anaonyeshwa sebule iliyofagiliwa. Ndiyo maana hamwoni kitu. Anachotaka ni heshima ya jina lenu huko Google, apitishe mali yake mgongoni mwenu.

Kabla ya kuhama, kuna kazi. Kabati lenye mchwa ukilihamisha, unahama na mchwa.

Anzeni na Search Console ya Google, ukumbi wa bure ambapo mwenye tovuti anaona Google inavyoiona, sehemu ya wamiliki. Wezi wa aina hii wana tabia ya kujiandikisha humo kama wamiliki wa tovuti yenu, ili waiharakishe Google izisome kurasa zao. Mkimwona msiyemjua, mtoeni, na lile faili alilolitumia kujithibitisha lifuteni kwenye seva, la sivyo atarudi kesho. Humo humo kuna kifaa cha kukagua ukurasa kama Google inavyouona. Hapo mtayaona maandishi ya Kijapani kwa macho yenu. Kisha kwenye WordPress tazameni orodha ya watumiaji, mara nyingi kuna msimamizi wa ziada mwenye jina la kawaida tu. Tazameni faili la .htaccess, lile la maagizo kwa seva, kama lina mistari msiyoijua. Mafaili ya WordPress yenyewe yafuteni yote myaweke mapya kutoka WordPress.org, plagini na themu vivyo hivyo. Msibakishe ila picha na hifadhidata, na kwenye folda ya picha mkikuta faili linaloishia na .php, hilo si picha. Maneno ya siri yote yabadilishwe: ya WordPress, ya hosti, ya hifadhidata, ya barua pepe. Mkiwa na bekapu ya zamani, ni nzuri ikiwa ni ya kabla mwizi hajaingia, na wala hamjui aliingia lini, kwa hiyo msiiamini kwa upesi. Baada ya hapo Google itachukua wiki kadhaa kusahau.

Themu mlipewa bei gani? Nauliza kwa sababu fundi anayeleta themu ya kulipia bila risiti mara nyingi ameipakua bure kwenye tovuti za mali ya wizi, na themu hizo huja na mlango wa nyuma uliokwisha kutobolewa. Sina ushahidi juu ya fundi wenu. Nasema ni mahali ambapo mimi ningeanza kutazama.

Na je, mhame? Ndiyo, hameni, lakini si kwa sababu ya Wajapani. Ninyi ni watu watatu ambao siku tano hadi saba kwa safari moja mko juu ambako simu inashika pa kubahatisha, na msimu ukichanganya mnashuka jioni mnapanda keshokutwa. Tovuti ya kulindwa na mtu haiwafai watu wasio chini. Kama fomu yenu ya maombi ya wageni na ya malipo vinategemea plagini maalumu, basi kuna njia ya katikati ambayo fundi hakuwaambia kwa sababu haina ulaji kwake: hosti inayosimamia WordPress yenu, kampuni inasasisha, inaweka bekapu, inachunguza wezi, nanyi mnaandika tu. Ni ghali kuliko hosti ya kawaida, mara tatu au nne. Linganisheni na mgeni mmoja wa Machame aliyewaona mnauza mikoba akapita.

Halafu mtafuteni fundi hata kama ni kwa mama yake, mhakikishe domeini imeandikwa jina la nani. Hilo ndilo linaloninyima usingizi katika barua yenu, kuliko viatu.

Shangazi, nina kompyuta ya mezani ya zamani na intaneti ya faiba ofisini. Kwa nini nisiifanye hiyo iwe seva ya blogu ya duka langu la vipuri? Hapo si nitakuwa mwenye nyumba na mwenye ardhi?
Mwenye vipuri, Nakuru

Utakuwa mwenye nyumba, mwenye ardhi, mlinzi, fundi wa umeme na mtu wa zimamoto. Inawezekana, na kujifunza utajifunza sana. Ila tarehe 25 Agosti 2023 stima ilizimika karibu Kenya nzima, na tarehe 10 Desemba mwaka huo huo ikazimika tena. Duka lako lilikuwa gizani, na mtu wa Kampala aliyetaka kujua kama una pampu ya maji ya Probox angekuta ukurasa umekufa. Isitoshe, faiba nyingi za nyumbani na ofisi ndogo hukupa anwani mnayoshiriki wateja wengi, kwa hiyo wewe unatoka nje vizuri lakini aliye nje hana njia ya kukufikia mpaka ununue anwani maalumu. Kama raha yako ni kushika kila kitu mwenyewe, kodi seva ndogo ya dola tano hivi kwa mwezi, utapata uhuru huo huo na jenereta ya mwenzio. Kompyuta ya mezani usiitupe. Iwe inavuta bekapu kila usiku. Kwa kazi hiyo hata stima ikikatika hakuna atakayejua.

Mimi nina wafuasi elfu kumi na nne Instagram nauza madera. Blogu ya nini?
Mtoto wa Kisauni, Mombasa

Tarehe 4 Oktoba 2021, baada ya magharibi tu, Facebook, Instagram na WhatsApp zilizimika zote kwa pamoja, dunia nzima, kama saa sita hivi. Nilikuwa Kibokoni kwa dada yangu. Msichana wa jirani, muuza madera kama wewe, alikuwa na oda za harusi ndani ya simu na hakuwa na namba ya hata mteja mmoja mahali pengine. Alikaa barazani akizima simu na kuiwasha mpaka tukalala.

Siyo lazima uandike kila wiki. Weka ukurasa mmoja wenye domeini yako, vipimo vya madera, bei za kusafirisha, na namba ya kupigia. Kiungo ndani ya maelezo ya picha za Instagram hakibonyezeki, na mtu anayetafuta Google "dera la harusi Mombasa" huenda asifike kwenye picha yako ya mwaka juzi. Blogger itakutosha, utaimaliza leo baada ya isha.

Shangazi, unatushauri sisi. Wewe mwenyewe unatumia ipi?
Msomaji wa siku nyingi, Malindi

Yangu iko kwenye seva ya kukodi, WordPress niliyoiweka kwa mkono wangu, na nasasisha kila Alhamisi usiku. Naipenda kama wengine wanavyopenda kufuga njiwa, haina maelezo zaidi ya hayo. Ramadhani iliyopita, usiku wa ishirini na saba, hifadhidata ilijaa ikasimama, na wenzangu wakiwa msikitini mimi nilikuwa nafuta kumbukumbu za makosa hadi adhana ya alfajiri. Hata daku sikula.

Ya dada yangu, anayeuza mahamri na mbaazi, niliiweka Blogger mwaka 2016. Haijawahi kuniamsha.